Ufuatiliaji wa Ugonjwa wa Lejionela: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kitandani kwa Mgonjwa Hadi Kwenye Bomba

Kasoro ninayokutana nayo kwenye mafaili ya lejionela ni ileile kila mara: majibu ya maji yapo, kalenda ya mgonjwa haipo. Afisa akisikia tu jina la ugonjwa anabeba chupa sita na kukimbilia hotelini. Mke wa mgonjwa anabaki kwenye benchi la wodi na habari zote tunazozihitaji kichwani mwake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Wiki mbili baadaye maabara inasema bakteria wameonekana kwenye shawa ya chumba fulani. Mgonjwa aliwahi kuoga humo? Hakuna ajuaye.

Bakteria hawa huishi majini karibu kila mahali, na anayewatafuta kwa bidii atawapata. Kuwapata peke yake hakuthibitishi lolote mpaka mtu, tarehe na mahali vikutane. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mtu, na maji yanakuja hatua ya sita.

Kwa ufupi sana: ugonjwa wa lejionela ni nimonia inayompata mtu akivuta matone madogo mno ya maji yaliyopeperuka kutoka shawa, jakuzi, feni za ukungu au mnara wa kupoozea ulio juu ya jengo lenye viyoyozi vikubwa. Mara nyingine humpata aliyepaliwa na maji. Kukaa na mgonjwa hakuambukizi. Ni kisa kimoja tu, cha Ureno mwaka 2014, kilichodhaniwa kupita kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Msiwatenge wagonjwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka ofisini

- Fomu ya uchunguzi wa kisa, na kalenda ya karatasi yenye nafasi ya kuandika kila siku
- Simu inayosoma majira ya nukta kwenye ramani (GPS)
- Vikopo tasa vya mkojo na vya makohozi
- Kipimo cha haraka cha antijeni (vipande vya bakteria) ya lejionela kwenye mkojo
- Chupa tasa za lita 1 zilizotiwa sodiamu thaiosalfeti
- Vijiti tasa vya pamba vya kufutia, kila kimoja kwenye kichupa chake
- Kipimajoto cha kidijitali na kifaa cha kupima klorini
- Boksi la kubebea sampuli, glavu, na barakoa ya N95
- Namba ya simu ya mtu wa maabara, anayeshika simu kweli

Hiyo ya mwisho si utani. Lejionela haoti kwenye agari (chakula cha kuoteshea bakteria maabara) za kawaida. Anahitaji agari maalumu yenye mkaa na dondoo ya hamira, na si kila maabara inayo. Uliza kabla hujakusanya chochote.

## Hatua ya 1: Hakikisha kisa ni kisa

Mambo mawili lazima yakutane: nimonia iliyothibitishwa na daktari au picha ya kifua, na kipimo cha maabara. Kwa kumtazama mgonjwa tu huwezi kuitofautisha na nimonia nyingine.

Watiliwe shaka zaidi wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wavuta sigara, wenye kinga dhaifu, waliosafiri karibuni, waliougulia wakiwa hospitalini, na yule aliyechomwa seftriaksoni (antibayotiki ya sindano) siku kadhaa bila nafuu. Dawa za jamii ya penisilini na seftriaksoni hazifui dafu hapa, kwa kuwa bakteria huyu hujificha ndani ya seli za mwili. Kuchagua dawa ni kazi ya daktari, wala matibabu yasisubiri majibu yako.

Chukua sampuli mbili, mkojo na makohozi. Hapa ndipo wengi hukosea, maana kipimo cha mkojo ni rahisi, kinatoa jibu upesi, na mtu huridhika. Lakini kipimo hicho hasa hugundua lejionela pneumofila wa kundi la 1. Makundi mengine na jamii nyingine humponyoka, hivyo mkojo hasi haumwondoi mtu kwenye orodha. Tena, mkojo haukupi bakteria hai wa kulinganisha na wale wa majini. Bila makohozi, hatua ya saba haitafanyika kamwe.

Tahadhari: maabara nyingi hukataa makohozi mepesi yasiyo na usaha. Makohozi ya wagonjwa hawa mara nyingi huwa hivyohivyo. Andika kwenye fomu, kwa herufi kubwa: "LEJIONELA – MSIKATAE SAMPULI".

Andika jina la kipimo, usiandike "chanya" pekee. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya bakteria, tangu 2020 kinathibitisha kisa kwa mujibu wa Marekani. Kwa mujibu wa Umoja wa Ulaya jibu lilelile linakifanya kisa kuwa "yamkini" tu. Anayesoma ripoti yako kutoka upande wa pili atataka kujua.

Umefanikiwa ikiwa: faili lina picha ya kifua au maelezo ya daktari, jina la kipimo, tarehe sampuli ilipochukuliwa, na uthibitisho kwamba makohozi yamefika maabara.

## Hatua ya 2: Tengeneza kalenda ya siku 14

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu vizuri, fanya hii.

Ugonjwa kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 2 na 14 baada ya mtu kuvuta maji yenye bakteria. Kwa hiyo tunarudi nyuma siku 14 kutoka siku dalili zilipoanza. Siyo siku aliyolazwa, wala siku majibu yalipotoka. Tatizo ni kwamba watu wetu wakiulizwa "aliumwa lini?" hutaja siku mgonjwa *alipozidiwa*. Siku za kulalamika mwili, kukataa chakula na kumeza panadoli za dukani hawazihesabu. Au watakwambia "alikuwa na malaria kwanza", na wewe ukaandika malaria kana kwamba ni ugonjwa mwingine.

Tazama mazungumzo haya. Majina na tarehe nimebuni. Mtego si wa kubuni.

– Shikamoo mama.

– Marahaba, mwanangu.

– Pole na kuuguza. Baba Asha aliumwa lini?

– Jumatano. Alizidiwa usiku, tukakodi bajaji.

– Jumanne alikwenda kazini?

– Hata. Jumanne alishinda amelala, malaria ilikuwa imempanda.

– Na Jumapili, alikula?

– Jumapili nilipika wali akausogeza pembeni. Akasema mwili wote unamuuma, anasikia baridi.

– Jumamosi je?

– Ah, Jumamosi alikuwa mzima! Tulikuwa harusini, si alicheza mpaka wakamtunza.

Dalili zilianza Jumapili, tuseme tarehe 15 Juni 2025. Dirisha la siku 14 ni tarehe 1 hadi 14. Afisa aliyeandika Jumatano tarehe 18 angetazama tarehe 4 hadi 17. Sasa geuza ukurasa: usiku wa tarehe 1 na wa 2, Baba Asha alilala kwenye hoteli ya semina mjini Tanga, akarudi nyumbani tarehe 3. Kwa kalenda ya Jumatano, hoteli hiyo haipo kabisa kwenye uchunguzi, kwa sababu ya swali moja ambalo halikuulizwa.

Baada ya kupata siku ya kwanza, rudi nyuma siku moja moja. Usiulize "katika wiki mbili zilizopita ulikwenda wapi?" kwa kuwa utajibiwa "sikwenda popote". Tumia vigingi ambavyo watu hukumbuka: siku ya gulio, Ijumaa, ibada ya Jumapili, msiba, siku umeme ulipokatika, siku ya mshahara. Ndani ya kila siku uliza alilala wapi, alioga wapi, alifanya kazi wapi na alipita wapi.

Kisha pitia vitu ambavyo mtu hatavitaja mwenyewe:

- Hospitali, kliniki, daktari wa meno, hata kama alikwenda kumwona mgonjwa tu
- Nebulaiza au mashine ya kusaidia kupumua usingizini, na maji gani yalitiwa humo
- Jakuzi, hata kama hakuingia
- Feni za ukungu kwenye kumbi na baa, chemchemi za mapambo
- Sehemu za kuoshea magari kwa mpira wenye presha
- Kazi ya bomba iliyokata maji kisha yakarudi machafu
- Udongo wa mifuko wa kupandia maua, kwani kuna jamii ya lejionela inayokaa humo

Kuhusu jakuzi, "hakuingia" haitoshi. Mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi iliyowekwa kwenye maonyesho ya maua ili watu waitazame iliugulisha watu zaidi ya 180. Wengi walipita tu.

Andika saa kwa uangalifu. Mgonjwa akisema "saa mbili", andika saa mbili asubuhi au usiku, na kama fomu ni ya kigeni igeuze hapohapo. Nimeona "saa 2" ya Kiswahili ikisomwa kama saa nane usiku.

Umefanikiwa ikiwa: kila siku kati ya zile 14 ina mahali pa kulala na pa kuoga, na mtu mwingine akiisoma kalenda hana haja ya kukupigia simu.

## Hatua ya 3: Kipe kisa fungu lake

Hili ni jepesi kama kalenda ipo. Aliyekaa hospitalini au kwenye nyumba ya kulea wazee siku 10 au zaidi mfululizo ndani ya zile 14 kabla ya dalili, kisa chake kinachukuliwa kuwa cha hospitali. Aliyekaa sehemu tu ya siku hizo ni "huenda cha hospitali". Aliyelala usiku mmoja au zaidi nje ya nyumba yake ni cha safari. Waliobaki ni wa jamii.

Mtandao wa Ulaya wa ufuatiliaji wa lejionela hutumia dirisha fupi kwa visa vya safari, siku 2 hadi 10 kabla ya dalili. Kwa Baba Asha hiyo ni tarehe 5 hadi 13 Juni, na hoteli ya Tanga ingeachwa nje. Mimi hukusanya siku 14 daima. Anayetaka chache atapunguza mwenyewe, lakini zile usizouliza huwezi kumpa.

## Hatua ya 4: Ripoti siku hiyohiyo

Usisubiri majibu ya makohozi. Mpigie mratibu wa ufuatiliaji wa wilaya au kaunti, kisha tuma maandishi. Kama ugonjwa huu haumo kwenye orodha yenu ya kuripoti, upitishe kama tukio lisilo la kawaida. Akiwa ni mgeni wa kutoka nje, au aliugua baada ya kutoka nchi nyingine, taarifa ipande hadi kituo cha taifa kinachohusika na Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005.

Ukanda wetu wa pwani una sababu yake ya pekee ya kuwa makini. Mtalii aliyelala Diani au Nungwi usiku saba ataugulia kwao, na kisa chake kitahesabiwa Uholanzi au Uingereza. Taasisi ya afya ya nchi yake itapeleka jina la hoteli kwenye mtandao wa Ulaya wa ufuatiliaji wa lejionela, ambao tangu 2010 uko chini ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Umoja wa Ulaya, ECDC. Visa viwili kwenye malazi yaleyale ndani ya miaka miwili huhesabiwa kuwa kundi. Nchi zilizomo kwenye mtandao huo hutakiwa kutoa tathmini ya awali ndani ya wiki 2 na ripoti ya hatua zilizochukuliwa ndani ya wiki 6. Sisi hatumo, lakini kampuni za utalii hupashwa habari, na basi la wageni linaweza kuhamishiwa hoteli nyingine kabla barua haijafika mezani kwako.

Tahadhari: andika jina la malazi kama lilivyo kwenye risiti, pamoja na majira ya nukta na namba ya chumba. Pwani yetu imejaa majina yanayofanana, na visa viwili vya hoteli moja vikiandikwa kwa tahajia mbili, kompyuta itaona hoteli mbili.

## Hatua ya 5: Tafuta wenzake

Fungua orodha ya visa: umri, jinsia, siku ya dalili, fungu, mahali, kipimo. Pitia rejista za nimonia za hospitali za jirani na omba mikojo ya waliolazwa sasa ipimwe. Rudi nyuma miezi 12 kwa kila jengo linalotajwa. Kisa kimoja cha leo na kimoja cha Novemba iliyopita kwenye wodi moja ni jambo la kuamka nalo usiku.

Kwa visa vya jamii, chora nyumba na njia za kwenda kazini kwenye ramani, kisha angalia upepo ulikuwa ukivuma kutoka wapi. Usichore duara la mita mia mbili ukaridhika. Sarpsborg na Fredrikstad, Norwe, mwaka 2005, matone ya kifaa cha kusafisha hewa cha kiwanda yaliwafikia watu walio umbali wa zaidi ya kilomita 10.

Je, una orodha ya minara ya kupoozea iliyomo eneo lako? Jiji la New York lilikuja na sharti la kuisajili mwaka 2015, baada ya mlipuko wa South Bronx ulioua watu 16 kati ya 138 waliougua. Anza orodha yako leo kwa kupanda kwenye paa refu ukiwa na darubini. Ni kazi ya asubuhi moja.

## Hatua ya 6: Chukua maji, kabla ya dawa

Niliwahi kumpigia meneja wa hoteli kwa ustaarabu: "Kesho asubuhi nakuja kuchukua sampuli." Nilipofika getini klorini ilinipiga puani kabla sijashuka kwenye gari. Mafundi walikuwa wamemwaga ndoo nzima kwenye tangi usiku. Sampuli zote zilirudi hasi, na chanzo hakijajulikana hadi leo. Kosa lilikuwa langu.

Kanuni ni hii: zima, usitibu. Mnara, jakuzi au shawa inayotiliwa shaka izimwe mara moja ili watu wasiendelee kuvuta. Kuzima hakuui ushahidi. Sampuli zichukuliwe siku hiyohiyo, na dawa ifuate baada ya chupa ya mwisho kufungwa.

Utaratibu wa chumbani:

1. Usifungue bomba kwanza, wala usiruhusu msafishaji aingie.
2. Fungua kichwa cha shawa kwa mkono, futa ndani kwa kijiti cha pamba, pale penye utelezi na magamba. Bakteria wengi wamo humo kuliko kwenye maji yenyewe.
3. Jaza lita 1 ya maji ya kwanza kutoka bomba la moto.
4. Acha yatiririke. Pima joto: la moto baada ya dakika 1, la baridi baada ya dakika 2. Pima klorini.
5. Chukua lita nyingine baada ya kutiririsha. Maji ya kwanza yakiwa na bakteria na haya hayana, tatizo liko kwenye bomba la chumba. Yote yakiwa nao, tazama hita na tangi.

Rudia kwenye chumba cha karibu zaidi na hita, cha mbali zaidi, chini ya hita yenyewe, na tangi. Ile sodiamu thaiosalfeti huzuia klorini isiendelee kuua bakteria ndani ya chupa ukiwa njiani. Usiisuuze ukidhani ni uchafu. Chupa ziwe mbali na jua, zisigusane na barafu, zifike maabara siku hiyo au kesho yake. Kwenye mnara vaa N95.

Vitabu vya Ulaya vitakwambia maji baridi yawe chini ya nyuzi 20. Bomba la "maji baridi" Dar es Salaam halijawahi kunisomea chini ya 25, na tangi jeusi la plastiki juu ya paa, saa tisa alasiri, lilinipa 36. Lejionela hustawi kati ya 25 na 45. Kwetu, basi, upande wa baridi nao ni mtuhumiwa, na asiyepima upande huo amefanya nusu ya kazi.

Umefanikiwa ikiwa: kila chupa ina mahali, saa, joto, klorini, na maneno "kabla" au "baada ya kutiririsha".

## Hatua ya 7: Linganisha, dhibiti, funga faili

Kuotesha huchukua hadi siku 10. Usiwape waandishi wa habari jina la jengo katikati ya siku hizo. South Bronx minara kadhaa ilikutwa na bakteria. Kilichouonyesha mmoja kuwa ndio chanzo ni kulinganisha jenomu (vinasaba vyote) ya bakteria wa mnara na ya wale waliotoka kwenye vifua vya wagonjwa. Ndiyo sababu ya kung'ang'ania makohozi tangu hatua ya kwanza.

Udhibiti ni kazi ya fundi anayejua, ama kwa joto kali ama kwa klorini nyingi, huku vyumba vikiwa vitupu. Maji ya nyuzi 60 humbabua mtu kwa sekunde chache. Baada ya hapo maji ya moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 na yafike bombani yakiwa angalau 50, na palipo na watoto au wazee pawekwe valvu ya kuchanganyia. Vipande vya bomba visivyokwenda popote vikatwe. Tope la tangi liondolewe, tangi lifunikwe, klorini ipimwe kila siku. Vyumba visivyo na wageni vifunguliwe maji kila wiki, hasa msimu wa masika hoteli zikiwa tupu.

Majibu safi ya mara moja usiyaamini. Utando ulio ndani ya mabomba huwarudisha. CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, inashauri kupima kila wiki 2 kwa miezi 3, kisha kila mwezi kwa miezi 3 mingine, na hiyo ndiyo ratiba ninayoibandika kwenye jalada. Sampuli moja ikirudi na bakteria katikati ya ratiba, fundi anaitwa upya na hesabu inaanza mwanzo.

Kwenye faili linalofungwa yawemo kalenda ya siku 14, orodha ya visa, ramani, majibu yote hata yaliyo hasi, na tarehe ya sampuli ya mwisho. Lisipelekwe stoo. Liweke kwenye droo ya mezani kwa miaka miwili, na jina la jengo liandikwe mgongoni mwa jalada. Kisa cha pili kikitajwa kwenye jengo hilo, mratibu wa zamu alione bila kuuliza mtu.